Kompyuta Yenye Tarakimu Kubwa

Msemaji wa familia alipofika katikati ya wasifu wa marehemu, alisema kwamba katika miaka yote aliyofanya kazi chini ya maji Mzee Ngonyani hakuwahi kukosea hata mara moja. Nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na akina mama, Pius yuko ng'ambo chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, na macho yetu yakakutana. Alitabasamu kwa pembe ya mdomo, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesali. Mimi na yeye tulijua kwamba mzee alikosea mara moja, kosa kubwa, lililokaribia kumlemaza Pius na kuninyang'anya mimi kazi. Tulijua pia kwamba siku aliyolitaja kosa hilo kwa mdomo wake ndiyo siku aliyokuwa mkubwa kuliko siku zake zote. Lakini msibani si mahali pa kusahihisha wasifu. Tulimzika, tukala, nikamshika mjane mkono wa pole, nikarudi nyumbani. Tangu hapo mwaka wa kosa hilo haunitoki kichwani, na kwa kuwa nimefikia umri wa kusema bila kuomba radhi, nasema mapema: ni mwaka ninaojivunia kuliko yote niliyoishi.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilipanga chumba kimoja Sofu, hapo Kibaha, kwenye nyumba ya Mama Grace, mwanamke wa Kihaya aliyekuwa karani wa halmashauri na aliyependa mambo yaende kwa mpango. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, jiko la mchina, na dirisha lililotazama banda la kuku. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, kwa hiyo neno likisemwa chumba cha kwanza lilisafiri juu ya vichwa vyetu hadi cha mwisho, na sote tulijifunza kuzungumza kama watu wanaojua kuwa wanasikilizwa. Jumapili Mama Grace alipika ndizi na maharage, akagonga ukuta wangu kwa mwiko. "Zuhura, njoo, ndizi ikipoa inakuwa udongo." Nikienda nilikaa kwenye kigoda, tukala kutoka sinia moja, na yeye akaniuliza maswali kuhusu kazi yangu kama mtu anayejaza fomu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kueleza kwa watu wa bara. Nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya kazi za chini ya maji. Tulisafisha matumbo ya meli, tukakagua nguzo za magati, tukainua vilivyozama. Kazi zote zilikuwa Dar, lakini yadi yetu ilikuwa Misugusugu, kandokando ya barabara kuu, kwa sababu ndiko mkurugenzi wetu, Bwana Temba, alikopata kiwanja. Tulijaza mitungi ya hewa pale kwa kompresa iliyonguruma asubuhi nzima, tukaipakia kwenye lori, tukateremka nayo mjini. Wauza maembe wa jirani walituita wapiga mbizi wa nchi kavu. Tulikuwa watu wachache. Mzee Ngonyani, mtu wa Songea, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapiga mbizi, na siku zote ndiye aliyetangulia kushuka. Alikuwa na kifua kama pipa na hakuwa na maneno mengi. Pius, kijana wa Ukerewe, alikuwa rafiki yangu, na alikuwa majini kama mtu aliye sebuleni kwao. Mimi nilikuwa nimefundishwa kupiga mbizi kama wao na nikafaulu, lakini Bwana Temba alisema bandarini hawajazoea kumwona mwanamke akivaa mtungi, hivyo nikapewa saa, kibao na kitabu. Nilikaa juu ya boti na kuandika nani ameshuka, saa ngapi, kina gani, na apande lini.

Wengi hudhani hatari ya mpiga mbizi ni kuishiwa hewa tu. Ipo nyingine. Mtu akiwa chini, gesi ya hewa anayovuta inayeyuka kwenye damu yake, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda. Akikaa muda mfupi na kupanda taratibu, inatoka yenyewe kwa utulivu. Akikaa mno, au akipanda haraka, inafoka kama soda iliyotikiswa, na mapovu yanakwama kwenye viungo, kwenye mgongo, hata kwenye ubongo. Ndiyo sababu tulikuwa na majedwali: karatasi ngumu zilizosema kina hiki, dakika hizi, basi. Ukijua kina na ukijua saa, jedwali linakulinda. Ukikosea kimoja, jedwali linakudanganya bila kujua.

Ilikuwa wakati wa masika. Tulikuwa kwenye gati moja la zamani, na Pius alikuwa na kazi ya kukwangua chaza kwenye nguzo ili ikaguliwe. Mzee Ngonyani alishuka kwanza na kipima kina, maana tulikuwa nacho kimoja tu, kidude cha mshale chenye kioo kilichochubuka. Akaibuka, akatoa mdomoni kishikio cha hewa, akaniita, "Mita kumi na mbili!" Nikaandika kumi na mbili. Nikatazama jedwali, nikampa Pius muda wake, na muda ulipokwisha nikavuta kamba, akapanda. Alasiri akashuka tena, nikafanya vilevile. Tukiwa kwenye lori tunarudi, Pius akaanza kulisugua bega lake la kulia. "Linauma kama jino," akaniambia. "Ulishawahi kuumwa jino begani?" Tukacheka. Tulipofika yadi alishindwa kuinua chupa ya soda aliyonunuliwa, na ngozi ya tumbo lake ilikuwa imeota madoadoa kama marumaru. Mzee Ngonyani alimtazama mara moja tu, akakimbilia mtungi wa oksijeni. Pius alipelekwa kufungiwa ndani ya chumba cha chuma cha mgandamizo wa hewa, saa nyingi, siku mbili mfululizo, mpaka mapovu yakatulia. Alitoka akiwa mzima, lakini daktari alimkataza maji hadi atakaporuhusiwa tena.

Stoo yangu na ofisi ya Bwana Temba zilitenganishwa na ukuta wa plaiwudi. Wiki iliyofuata nilikuwa nakunja suti za mpira nikasikia sauti ya mkurugenzi upande wa pili.

"Mzee, kitabuni kila kitu kiko sawa. Kina sawa, dakika sawa. Sasa kijana ameumwa na nini?"

Kiti cha Mzee Ngonyani kililia.

"Basi ni saa. Yule binti ama alisahau kuibonyeza, ama aliisoma vibaya. Au unasemaje?"

Nilisimama na suti mkononi, inachuruzika maji miguuni pangu. Kisha Mzee Ngonyani akasema, kwa sauti ya chini, "Saa ilikuwa yake."

Hakusema uongo. Saa ilikuwa yangu kweli. Lakini nilijua niliibonyeza, na nilijua niliisoma, na kwa siku nyingi baada ya hapo nilijilaza pale Sofu nikizihesabu upya dakika za Pius mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe. Hilo ndilo jambo baya la kulaumiwa na mtu unayemheshimu: unaanza kumsaidia.

Bwana Temba hakunifukuza. Alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la huruma au la mtego. Aliniita ofisini, akanisukumia rundo la vitabu vya matangazo vya vifaa vya mbizi. "Wenzetu siku hizi hawategemei saa ya mtu," akasema. "Wanavaa kompyuta mkononi. Inapima kina yenyewe, inahesabu muda yenyewe, inakwambia umebakiza dakika ngapi. Wewe Kiingereza unakijua na majedwali unayajua. Nitafutie iliyo nzuri. Na usikosee tena." Mzee Ngonyani, aliyekuwa mlangoni, akasema tu, "Kompyuta haipigi mbizi," akaondoka zake.

Nikaenda na vile vitabu nyumbani. Sikuwahi kuichukua kazi yoyote kwa uzito kama ule. Nilinunua daftari, nikalipiga mistari kwa rula, nikaandika kila kompyuta na sifa zake: ipi inasoma mita na ipi inasoma futi, ipi inajua tofauti ya maji chumvi na maji baridi, ipi inapiga kelele ukipanda haraka, ipi inakumbuka mbizi zilizopita ili asubuhi isisahauliwe alasiri. Nyingine zilikuwa na mambo mengi kiasi kwamba ukurasa mzima ulisifu na sikujua inasifu nini. Mama Grace alinikuta mezani kwake, maana kwangu hapakuwa na meza, akavaa miwani yake na kutazama picha. "Hii nzuri," akasema, akionyesha iliyong'aa kuliko zote. Kisha ukarani ukamrudia. "Ila kitu chochote, Zuhura, kabla hujakipenda, uliza kikiharibika nani atakitengeneza." Nikaandika hilo juu kabisa ya ukurasa. Nilipolifuata, zaidi ya nusu ya kompyuta zile zilikufa palepale. Betri zake zikiisha, ilibidi kifaa chote kirudishwe Ulaya kikafunguliwe na mwenye kiwanda. Mpiga mbizi wa Misugusugu angesubiri mpaka aote mvi.

Mwishowe zilibaki mbili, na muuzaji mmoja wa mjini, kijana mwenye manukato na maneno matamu, akakubali kutuazima tuzijaribu. Ya kwanza ilikuwa ile ile aliyoipenda Mama Grace. Niliiacha kwenye orodha kwa sababu Bwana Temba alikuwa ameshaipenda pia. Ilikuwa ya chuma, nyembamba, na iliongea na mtungi bila waya, ikakuonyesha hata hewa iliyobaki. Kioo chake kilijaa tarakimu ndogondogo kama mchele. Ya pili ilikuwa ya plastiki nyeusi, nene kama andazi, na vitufe viwili tu. Ilionyesha kina, muda uliotumia, na muda uliobakiza, kwa tarakimu kubwa zilizojaza kioo. Betri yake ungeifungua kwa sarafu.

Tulihitaji maji yasiyoonyesha kitu, kama ya bandarini, lakini yasiyo na meli. Nikasema kwetu Vihingo, huko Kisarawe, kuna shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji, lenye kina cha kutosha. Basi siku moja asubuhi lori letu likaingia kijijini. Mama yangu alikuwa amepata habari mapema, na kijiji kizima kilikuwa kimepata habari kutoka kwake. Watu walijipanga ukingoni kama waliokuja ngomani. Bibi mmoja aliponiona nimevaa suti ya mpira na mtungi mgongoni alimuuliza mama, "Mwanao kapatwa na nini?" Mama akajibu bila kugeuza shingo, "Kapatwa na kazi."

Bwana Temba, Pius na yule muuzaji walikaa juu. Mimi nilivaa ile ya plastiki, Mzee Ngonyani akavaa ile ya chuma, tukashuka kwenye kamba moja, bega kwa bega, ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulipatana kwamba nikivuta kamba, kila mmoja aandike kwenye kibao chake kina anachokisoma. Nilivuta mara nne. Huko chini sikumwona mzee kabisa ingawa ningeweza kumgusa. Niliziona tarakimu zangu tu, zimewaka taa ya kijani mbele ya pua yangu, na nilijisikia salama kama mtu aliyeshikwa mkono. Tulipoibuka Pius akavisoma vibao kwa sauti. Changu: nne, sita, nane, kumi na moja. Cha mzee: nne, sita, tatu, kumi na saba.

"Moja ni mbovu," Bwana Temba akasema.

Muuzaji akaruka kama aliyekanyaga moto. "Haiwezekani, bosi. Zote mbili zina kumbukumbu. Tuifungue tuone." Akabonyeza ile ya chuma. Kumbukumbu yake ilisema mbizi ile haikupita mita kumi na moja. Sawasawa na yangu.

"Ah, tope tu," Bwana Temba akasema. "Mzee hakuona vizuri. Kifaa kizuri sana hiki." Akaanza kuuliza habari za rangi. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Ngonyani. Alikuwa amekaa juani, peke yake, na ile kompyuta ya chuma mkononi, na alikuwa akiusogeza mkono wake mbali na uso, polepole, mpaka ulipokunjuka wote.

Mama alitupikia wali wa nazi, kisamvu na samaki wa kukaanga. Tulikula ukumbini, wanaume kwenye jamvi lao, sisi kwenye letu. Niliporudisha vyombo jikoni mama alikuwa anaparuza sufuria. "Yule mzee wenu," akasema, "haoni karibu."

"Umejuaje?"

"Nimempa samaki. Wenzake wanatoa miba kwa macho, yeye anatafuta kwa vidole. Amechomwa mara mbili, hakusema kitu. Mkubwa wa watu ana haya."

Nilikaa chini palepale kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nilikiona tena kipima kina chetu cha zamani na mshale wake na kioo chake kilichochubuka. Nilisikia tena "Mita kumi na mbili!" Kwa mita kumi na mbili jedwali linampa mtu muda mrefu. Kwa kina kikubwa zaidi linampa chini ya nusu yake.

Sikumwambia mtu isipokuwa Pius. Siku iliyofuata tuliomba ruhusa, tukaenda kwenye lile gati na kamba yenye risasi nzito mwishoni na futi ya fundi, tukangoja maji yapwe, tukaiteremsha kando ya ile nguzo. Pius ndiye aliyeshika. Ilipogonga chini aliikaza, akaweka fundo, tukaivuta na kuipima juu ya sakafu ya gati. Tukapima mara ya pili. Mita kumi na nane, tena maji yakiwa yamekupwa.

Pius aliinuka, akatembea mpaka ukingoni, akarudi. "Kumi na nane," akasema. "Nimekaa kumi na nane kwa muda wa kumi na mbili. Mara mbili." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Zuhura, mbona nipo hai?"

"Sijui."

"Utamwambia Temba?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nimekuwa mkweli kwenye kurasa hizi, niendelee kuwa mkweli: nilijiona kabisa nikiingia ofisini na ile kamba, nikiitupa mezani, nikimwangalia mzee akikosa pa kutazama. Miezi mizima nilikuwa nimebeba lawama yake. Lakini nilimkumbuka akikimbilia oksijeni kabla yetu sote. Na nilikumbuka kwamba alikuwa na tarakimu mbele ya macho yake siku ile, na kwa mara ya pili pale Vihingo, na zote zilikuwa sahihi, ila macho yake hayakuweza kuzisoma. "Kwanza nitamwambia yeye," nikasema.

Nilimkuta nyumbani kwake, mkewe yupo kanisani, yeye anarudishia mpini wa jembe. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akanisogezea kiti. Sikukaa. Nilitoa mfukoni zile kompyuta mbili, ambazo nje ya maji huonyesha tarehe, nikampa ile ya plastiki. "Mzee, naomba unisomee tarehe." Akaisoma mara moja. Nikampa ile ya chuma. Akaishika. Mkono ukaanza kusogea mbali na uso, kisha akajistukia, akaurudisha magotini. Kuku walipita kati yetu.

"Umeshapima gati," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ngapi?"

"Kumi na nane."

Alifumba macho. "Nani mwingine anajua?"

"Pius."

"Na umekuja kuniambia niache kazi."

"Hapana, mzee. Nimekuja kukuuliza ipi unaiona. Nataka kuchagua."

Alirudi kwenye jembe lake, nami nikaaga. Nilirudi Sofu nikiwa na hakika kwamba nimeharibu, na kwamba nimempa nafasi ya kuniwahi kwa Bwana Temba. Mama Grace alinigongea ukuta kwa mwiko, sikwenda.

Kikao cha kuchagua kilikuwa yadini Misugusugu, juu ya mabenchi, kompresa ikiwa imezimwa kwa heshima. Bwana Temba alikuwa amevaa ile ya chuma mkononi mwake, juu ya shati jeupe, na ilimpendeza. Nikafungua daftari langu. Nilisema tununue ile ya plastiki, na kila mpiga mbizi awe na yake, kwa sababu kompyuta inahesabu damu ya mtu mmoja, na mtu haazimi damu. Nilisema betri yake tunaibadilisha sisi wenyewe. Nilisema vitufe vyake vinabonyezeka ukiwa na glavu. Nilisema mkanda wake unatosha kufungwa juu ya suti nene. Nilisema tarakimu zake zinasomeka kwenye maji machafu.

"Inafanana na saa ya mtoto," Bwana Temba akasema. "Wateja wakituona na hii? Halafu hilo la tarakimu kubwa silielewi. Kwani hapa kuna kipofu?"

Ningeweza kujibu. Pius alinitazama. Nikafunga daftari, nikasema, "Mkurugenzi, hayo ndiyo mapendekezo yangu. Sibadilishi."

Ndipo benchi likalia na Mzee Ngonyani akasimama. Alivua kofia. "Kipofu yupo," akasema. "Ni mimi." Hakuna aliyecheka. "Ile nguzo ya masika ni mita kumi na nane. Mimi niliisoma kumi na mbili, nikampigia kelele binti huyu aandike kumi na mbili. Aliandika nilichosema. Saa yake haikuwa na kosa. Uliponiuliza, mkurugenzi, nilisema saa ilikuwa yake. Hilo nalo ni kosa langu, tena kubwa kuliko la macho." Akamgeukia Pius. "Mwanangu, nisamehe." Pius alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha mzee akanigeukia mimi, lakini alikuwa anasema na Bwana Temba. "Alijua kabla ya leo. Angeweza kuja kwako. Alikuja kwangu. Chagua anachochagua huyu."

Bwana Temba aliitazama ile kompyuta ya chuma mkononi mwake kwa muda, akaivua, akaiweka kwenye boksi lake. "Za plastiki," akasema. "Kila mtu na yake."

Watu wananiuliza kama nililia. Sikulia. Nilienda nyuma ya stoo, nikanawa uso kwa maji ya bomba, nikarudi kupakia mitungi, maana ilikuwa zamu yangu. Lakini nilitembea tofauti tangu siku ile, na Mama Grace aliliona kabla hata sijafungua mdomo. "Leo umeshinda nini?" akaniuliza. Nikamweleza yote, tukala ndizi mpaka sinia likawa jeupe, na watu wa vyumba vyote walisikia, na sikujali.

Nimevaa kompyuta nyingi tangu wakati ule. Za siku hizi zina rangi kama televisheni na zinatuma mbizi yako kwenye simu kabla hujavua mapezi. Vijana ninaowafundisha huniletea picha, Mwalimu, tununue hii au ile, na wote wanataka kujua ipi ni bora duniani. Mimi huwaambia waivae, wazame mahali pachafu, kisha waniambie imesema nini. Kinachowashangaza ni kwamba sizungumzii kifaa, nazungumzia wao: macho yao, mikono yao, maji yao, fundi aliye karibu nao, na kama wana moyo wa kusema hawaoni.

Mzee Ngonyani alikwenda kupimwa macho wiki ileile. Aliacha kushuka, si kwa kufukuzwa, kwa kutaka mwenyewe, akachukua kibao na kitabu. Juu ya boti hakuna aliyekuwa na sikio kama lake. Alijua hali ya mtu kwa mapovu yake tu. Pius alipewa ruhusa na daktari mwaka ukielekea ukingoni, na mbizi yake ya kwanza alishuka huku anaimba ndani ya kishikio cha hewa, tukasikia mlio kama nyuki. Nafasi ya mzee majini ilibaki wazi. Bwana Temba alizungukazunguka siku kadhaa, akitaja habari za bandarini na mazoea ya watu, mpaka Mzee Ngonyani alipomwambia mbele yangu, "Mkurugenzi, mtu ninaye. Unatafuta nini tena?"

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tishari la mizigo lililozama nje kidogo ya bandari. Nilitakiwa kufunga nyaya nne kwenye pembe zake ili liinuliwe. Wabeba mizigo kwenye gati walisimama kutazama nikivaa, mmoja akasema jambo, mwingine akamnyamazisha. Nikaruka. Chini palikuwa peusi kama ndani ya gunia. Nilifanya kazi kwa kupapasa, pembe moja baada ya nyingine, mikono ikiuma kwa kukaza, na kila nilipotaka kujua niko wapi katika dunia hii niliinua mkono wangu wa kushoto, na zilikuwepo: kina, dakika nilizotumia, dakika nilizobakiza. Nilifunga waya wa nne zikiwa zimebaki saba. Nikapanda pamoja na mapovu yangu madogo, bila kuyapita, mpaka mita tano, na hapo kompyuta ikaniambia nisubiri dakika tatu. Nikashika kamba nikaning'inia. Hapakuwa na kazi ya kufanya. Maji yalianza kuwa na rangi, kwanza kijivu, kisha kijani, na juu yangu niliona tumbo la boti na vivuli vya watu wangu wakinisubiri. Nilizihesabu zile dakika tatu sekunde kwa sekunde, na sikutaka ziishe.

Nilipotoka Pius alinivua mtungi, na Mzee Ngonyani, miwani puani, akaisoma mwenyewe kompyuta mkononi mwangu, akaandika. Hakunipongeza. Alinipa chapati mbili zilizokunjwa na maharage ndani, akangoja mpaka nimeze tonge la kwanza.

"Kesho," akasema, "unatangulia kushuka wewe. Wengine watakufuata."